Upande wa Pili wa Kilindo

Mzee Alute wa Kinyangiri hakuijua hata herufi moja, lakini Maandiko aliyajua. Yalimwingia kwa sikio, kwa sauti ya mke wake Emiliana, jua likishapoa, wawili hao wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba yao. Emiliana alisoma, Alute alisokota kamba za katani. Kamba zote za ng'ombe wake zilisokotwa kwa Neno la Mungu, na watu walizisifu kwamba hazikatiki.

Emiliana alifika darasa la nne kwa masista. Akaishia hapo kwa sababu baba yake alisema mtoto wa kike akizidisha kusoma atasahau kupika. Kupika hakusahau, na kusoma hakusahau. Kitabu chake alikivisha kipande cha kanga iliyochakaa, akakishona pembeni kwa sindano ya magunia. Miwani yake ilikuwa na mguu mmoja. Mguu wa pili ulikuwa uzi.

Alute, wenzake walipokuwa darasani, alikuwa porini na ng'ombe wa baba yake. Hakujuta.

"Mimi nina mke anayesoma," alisema. "Mwenye ng'ombe wa maziwa haendi kwa jirani na kibuyu."

Basi akibishana na watu, alimaliza kwa neno moja: imeandikwa. Na kwa kuwa kweli alikumbuka sana, wachache walimbishia.

Jambo moja la nyumba hiyo lilijulikana kijiji kizima. Walikuwa na kilindo, lile pipa dogo la gome la mti la kuwekea nafaka. Kilikuwa cha mama yake Alute, cheusi kwa moshi, na kilikaa darini juu ya jiko. Humo waliweka mbegu za mtama. Mvua za kwanza zikinyesha, Alute na Emiliana walikishusha, wakakibeba kwenda shambani wakiwa wawili. Huyu upande huu, yule upande ule, polepole, kama watu waliobeba mgonjwa. Na kilindo chenyewe mtoto wa shule angekitia kichwani akakimbia nacho.

Jirani yao Idrissa, mfuga nyuki, hakuacha hilo lipite.

"Nyie wazee! Mnapeleka mbegu au mnapeleka maiti?"

"Imeandikwa," Alute alijibu.

"Imeandikwa wapi?"

"Kwenye safina."

Idrissa alicheka mpaka akashika fito za ua. Alute alicheka pia. Emiliana alitazama njia, asijikwae.

*

Emiliana alifariki alizeti zikiwa zimeshavunwa. Kifua kilimbana tangu baridi ya mwezi wa sita, na hakikumwachia. Siku chache kabla, akiwa amelala ubavu, alimwita mume wake kwa jina alilomwita tangu walipopata mtoto wa kwanza.

"Baba Paskali."

"Nipo."

"Siku mkiniwekea msalaba, wasomewe watu ile ya bibi wa safina."

"Itasomwa."

"Usisahau."

"Nimesahau lini mimi?"

Emiliana akatabasamu, akageukia ukuta.

Tangu wamzike, Alute alikaa kizingitini. Asubuhi alikaa, jua lilipomfikia alisogea kidogo, likimpita alirudi. Katani zilikauka kwenye pembe ya nyumba bila kusokotwa. Wanaume wengine walianza kung'oa mabua na kuchoma takataka, kusafisha mashamba yao kabla ya mvua. La kwake lilibaki na mabua ya mwaka uliopita, yamesimama kama watu waliosahauliwa. Waliopita walimwamkia, naye aliitikia. Zaidi ya hapo hakuwa na neno. Lililobaki mkononi mwake ni hilo moja tu: msalaba utawekwa, na ile ya bibi wa safina itasomwa. Alimwahidi.

*

Binti yake Magreth alifika Jumatano kutoka Utemini mjini, anakoshona nguo. Alikuja na mchele, sukari na kitambaa cheupe. Msalaba wa chuma ulikuwa tayari kwa fundi wa Misigiri. Katekista Calist alikuwa amekubali kuongoza ibada Jumamosi.

"Baba, bado kuchagua somo," Magreth alisema.

"Somo lipo. Lete kitabu cha mama yako. Soma ile ya safina, pale mlango unapofunguliwa."

Magreth akakifungua kitabu kile cha kanga, akatafuta, akasoma. Alisoma vizuri, kuliko hata mama yake. Maji yakapungua, ndege akaenda na kurudi, nchi ikakauka, mzee akatoka na watu wake na wanyama. Akaendelea mpaka sadaka na upinde mawinguni.

Alute akainua mkono.

"Umeruka."

"Sijaruka, Baba."

"Umeruka. Rudi mlangoni."

Akarudi. Akasoma tena taratibu, kidole kikifuata mstari. Alute alisikiliza kichwa kikiwa upande, kama anayesikilizia ng'ombe aliyepotea. Mlango ukafunguliwa. Watu wakatoka.

"Hapo! Hapo hapo. Bibi anasema nini?"

"Bibi gani?"

"Mke wake, mama! Mke wa mzee wa safina."

"Hasemi kitu, Baba. Anatoka tu pamoja na wengine. Hata jina hakutajwa."

Alute akasema kwa upole, kama anayemwonea mtu huruma, "Shule za siku hizi mnasoma haraka sana. Ngoja mimi nikusomee."

Akafumba macho. Akaanza kwa sauti isiyokuwa yake, ikipanda na kushuka kama ya Emiliana.

"Maji yakakauka, mlango ukafunguliwa. Mzee akasimama mlangoni, asitoke. Akasema, Nitoke kwenda kwa nani? Wote niliowajua wamezama. Ndipo bibi yake akachukua kilindo cha mbegu za mtama, akapita kando yake, akakanyaga tope. Akasema, Ni kweli, mzee, tope hili limewameza. Na ni hili hili litakalotulisha. Njoo ushike upande wa pili wa kilindo, ni kizito. Naye akatoka."

Alipofumbua macho, Magreth alikuwa amekifunga kitabu, amekikumbatia kifuani.

"Baba," alisema. "Hayo hayamo."

"Yamo. Nimeyasikia kila mwaka kabla ya kupanda. Mama yako alikuwa akiyasoma humo humo, miwani puani, kidole mstarini."

"Hayamo, Baba."

*

Alhamisi asubuhi Alute alikitia kitabu kwapani akaenda kwa Calist. Ilikuwa mara ya kwanza kuondoka kizingitini tangu matanga yaishe. Watu wawili watatu njiani walisimama kumtazama.

Calist ndiye aliyekuwa katekista wa kigango chao, mtu wa makamo, mwembamba, mwenye shati lililofungwa kifungo cha juu hata wakati wa joto. Alute alimkuta anatengeneza baiskeli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nawa mikono. Nina kitabu."

Calist akanawa. Akasikiliza. Alute alipomaliza kusema maneno ya bibi wa safina, Calist alikuwa ameanza kucheka kidogo, cheko la heshima, huku akifunika mdomo.

"Mzee wangu. Kilindo? Mbegu za mtama? Kwenye safina?"

"Sasa wewe unataka wangeweka mbegu wapi? Mfukoni?"

"Watu wale hawakuwa Wanyiramba, mzee."

"Walikuwa watu. Watu wanakula."

Calist alifungua cha Alute, akaingia ndani, akatoka na chake, kikubwa, na kingine kidogo cha zamani chenye maandishi yaliyofifia. Akavilaza vyote mkekani, akavisoma kimoja kimoja. Alute alimtazama uso, kwa kuwa uso ndio alioweza kuusoma. Aliona cheko likimwisha taratibu.

"Hayamo," Calist alisema. "Hata kwenye hiki cha zamani. Mzee, nadhani Mama Paskali aliyaweka yeye."

"Aliyaweka kwa nini?"

"Hilo nikuulize wewe. Alianza lini kukusomea hayo?"

Alute akalikumbuka hilo peke yake kwanza. Kisha akalisema, kwa maneno machache, kwa kuwa hakuwahi kulisema.

Paskali, mtoto wao wa kwanza, alikuwa kijana aliyekwisha kujua kushika jembe la ng'ombe. Homa ilimshika mvua zikianza, ikamchukua. Wakamzika kwenye tope. Alute akarudi nyumbani akakaa kizingitini. Mvua ilinyesha ikaacha, ikanyesha tena. Majirani walipanda, yeye akakaa. Emiliana alimsemesha siku ya kwanza, ya pili, akaacha. Ndipo mchana mmoja akaja na kitabu, akaketi kando yake, akamsomea ya safina. Alipofika kwa bibi, Alute alisikia kitu kikisogea kifuani. Maneno yakaisha. Emiliana akafunga kitabu, akaingia jikoni, akatoka amekishika kilindo kwa upande mmoja, akasimama. Alute akainuka akashika upande wa pili. Walipanda wakiwa wamechelewa, na Mungu akawapa.

"Mimi nilidhani Mungu ndiye aliyeniambia niinuke," Alute alisema. "Miaka yote hii."

Calist akatazama vile vitabu vitatu.

"Siwezi kuyasoma kama Neno la Bwana, mzee. Nikisema nimesoma Maandiko wakati si Maandiko, nimewadanganya watu juu ya kaburi. Tena leo nikiruhusu Mama Paskali aongeze bibi wake, kesho atakuja mtu ameongeza mstari unaompa shamba la jirani. Kuna alichokusudia aliyeandika. Mimi nimewekwa nilinde hicho."

"Hilo kweli," Alute alisema, kwa kuwa watu wa namna hiyo aliwajua. "Lakini aliyeandika alikusudia nini kuhusu yule mama? Alikusudia asiseme kabisa? Safari yote ile, na wanyama wote wale, asiseme hata neno?"

Calist akajikuna kidevu.

"Labda hakumfikiria, mzee."

"Basi Emiliana alimfikiria."

Hakulisema kwa kushinda. Alilisema kama anayegundua njia mahali alipodhani ni pori.

"Niache nisali," Calist alisema mwishowe. "Jumamosi nitakuwa na la kukuambia."

*

Njia ya kurudi ilipita kwa Idrissa. Alikuwa ameketi nje, mzinga wa gogo magotini, anaukwangua ndani kwa panga dogo.

"Leo umetembea!" alipiga kelele. "Nani kakutoa?"

"Bibi wa safina."

Alute akamweleza. Idrissa alikuwa anaijua ile habari kwa upande wa kwao, akakwangua huku akitikisa kichwa.

"Kwetu hilo gumu zaidi, jirani. Kwetu mke wa mzee yule hakuamini. Hakuokoka."

"Kwenu mmemzamisha?"

"Si sisi! Ndivyo tulivyofundishwa."

"Na mbegu?"

"Mbegu sijui. Lakini wewe, miaka yote nikikutania na hicho kilindo chako, unaniambia imeandikwa, na mimi nikanyamaza. Nilisema labda vitabu vya kina Alute vina mtama." Akacheka, kisha akaacha, akaweka panga chini. "Kumbe nilikuwa nakitania kitabu cha Emiliana."

Nyuki wawili wakazunguka mdomo wa mzinga mtupu, wakanusa, wakaondoka.

"Alikuwa mtu, yule mama," Idrissa alisema.

"Alikuwa mtu."

*

Ijumaa akaja Luciana, mdogo wake Emiliana, kusaidia mapishi. Alifika na sufuria zake mwenyewe kwa kuwa hakuziamini za watu wengine. Akamkuta Alute kizingitini.

"Shemeji, umekonda kama fimbo ya kuchungia. Ukisimama kaburini kesho watu watakuchomeka ardhini wakidhani ndiwe msalaba."

"Ingia, wewe mwenye maneno."

Luciana akaketi na ungo wa mchele, akaanza kuchambua. Alute alimwacha achambue kidogo, kisha akamuuliza kama anajua habari ya bibi wa safina. Mikono ya Luciana ikasimama.

"Nani kakuambia?"

"Magreth kaitafuta, Calist kaitafuta. Haimo."

"Haimo," Luciana alikubali. Akausukuma ungo pembeni. "Shemeji, siku ile nilikuwepo. Nilikuwa ndani nachekecha unga. Nilimsikia anasoma, na mimi kidogo ya kitabu naijua. Alipoingia kuchukua kilindo nikamshika mkono. Nikamwambia, Dada, hayo mbona sijawahi kuyasikia? Akanitazama hivi. Akaniambia, Wala mimi."

Alute akamgeukia.

"Kasemaje?"

"Wala mimi. Ndivyo alivyosema. Baadaye akanieleza. Alifungua kitabu apate chochote cha kusoma, maana wewe ulikuwa huongei, na yeye alikuwa hana tena la kukuambia. Mtoto alikuwa wake pia, shemeji. Akasoma mpaka mlango ukafunguliwa. Anasema mdomo haukusimama. Alisikia maneno yanatoka, akayasikiliza kama wewe ulivyoyasikiliza. Kesho yake akarudi kwenye ukurasa, akayatafuta kwa kidole, juu, chini. Hakuyaona. Aliogopa! Alidhani amemkosea Mungu. Alikaa muda hapokei komunyo."

"Sikujua."

"Ungejuaje? Ulikuwa shambani. Alikuwa akikuangalia kutoka dirisha la jikoni, unapanda, akasema, Luciana, kama ni dhambi, mbona inaota?"

Vinyweleo vya mikono vilimsimama Alute, na jua lilikuwa kali.

"Kwa hiyo aliyatunga," alisema mwishowe.

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema, Mtu akitunga, si anajua anachotunga?" Luciana akauvuta ungo tena. "Kila mwaka aliyarudia kwa kuwa ulimwambia, soma ile ya bibi. Ungemwambia acha, angeacha."

"Na kwa nini alitaka yasomwe kaburini, na anajua hayamo? Alitaka nini?"

"Hilo hakuniambia. Wewe ndiye uliyesomewa, shemeji. Mimi nilikuwa nachekecha unga."

Alute akakichukua kitabu. Akakifungua mahali ambapo kurasa zilikuwa zimelainika kwa vidole vya mke wake. Hakuweza kujua mlango wa safina uko mstari gani. Aliona tu vijimistari vyeusi, kama siafu wakivuka njia, mmoja nyuma ya mwingine. Akapitisha kidole kama alivyokuwa akifanya Emiliana. Hapo ndipo akaona kitu ambacho wasomi labda hawakioni, kwa kuwa wao wanatazama weusi: kati ya mstari na mstari palikuwa peupe. Ukurasa mzima ulikuwa na weupe mwingi kuliko weusi. Alikaa anautazama weupe ule mpaka Luciana akamwita kula. Akautazama kwa hofu, ile hofu ya mtu aliyekuwa akichota maji kisimani maisha yake yote, halafu siku moja akainama akajaribu kuona chini.

*

Jumamosi mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa mashariki, mazito, hayajaamua. Watu walikuja wengi. Idrissa alikuja na kofia yake, akasimama nyuma karibu na ua wa minyaa. Msalaba ulisimamishwa, Calist akanyunyiza maji ya baraka, kwaya ikaimba.

Calist akafungua kitabu kile cha kanga, si chake. Akasoma ya safina kama ilivyoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza. Alipofika pale mlango unafunguliwa na watu wanatoka, akasimama.

"Neno la Bwana."

"Tumshukuru Mungu," watu wakaitika.

Akakifunga, akakibusu, akampa Magreth akishike. Kisha akasema, "Ndugu zangu, hapa Kitabu kimenyamaza, nami nimenyamaza. Marehemu ameacha neno, na aliyelipokea ni mume wake. Sitasema ni la nani. Msikilizeni."

Alute akasogea mbele. Hakuwahi kusema mbele ya watu, isipokuwa kubishana. Akavua kofia.

"Maji yakakauka, mlango ukafunguliwa. Mzee akasimama mlangoni, asitoke. Akasema, Nitoke kwenda kwa nani?"

Akakwama.

Miaka yote alikuwa akimsikiliza bibi. Maneno ya mzee aliyapita tu, kama mtu anavyopita lango kuingia nyumbani. Sasa yalikuwa yametoka mdomoni mwake mwenyewe, kando ya udongo wa Emiliana, na akamjua yule mzee. Akakijua kizingiti alichosimama. Aliyajua hata mabua yaliyosimama shambani kwake. Maneno haya yalisemwa wakati Paskali amekufa, na Emiliana alikuwa hai, anayasema. Yangejuaje kwamba siku moja yatahitajika hapa, naye hayupo wa kuyasema?

Au yeye alijua.

Watu walingoja. Mtoto mmoja akakohoa, akanyamazishwa. Alute akaendelea.

"Wote niliowajua wamezama. Ndipo bibi yake akachukua kilindo cha mbegu za mtama, akapita kando yake, akakanyaga tope. Akasema, Ni kweli, mzee, tope hili limewameza. Na ni hili hili litakalotulisha. Njoo ushike upande wa pili wa kilindo, ni kizito. Naye akatoka."

Akavaa kofia.

Hakuna aliyejua la kuitika. Calist hakusema Neno la Bwana, kwa hiyo watu hawakuwa na jibu. Kimya kikakaa juu ya kaburi, kikakaa, mpaka upepo ukasikika kwenye minyaa. Ndipo kutoka nyuma, Idrissa, ambaye utaratibu wa ibada yao hakuujua, akasema kwa sauti ya kawaida:

"Amin."

"Amina," Luciana akadakia. Na watu wote, na katekista kati yao, wakasema Amina.

*

Mvua ilinyesha Jumapili, mara ya kwanza, mvua ya kulowesha kweli. Jumatatu kulipopambazuka ardhi ilikuwa inanuka. Magreth alikuwa anakunja nguo zake ndani, arudi mjini siku inayofuata. Alisikia kitu kikiburuzwa darini.

Alute alikuwa amekitelezesha kilindo kwenye ngazi ya dari, akakiburuza mpaka mbele ya nyumba. Alikitazama. Tangu mwaka ule aliofariki Paskali hakuwahi kukibeba peke yake. Kila alipobeba upande wake aliona ni mwepesi, na kila mara alijiambia: mzigo wote uko upande wa Emiliana, mwanamke huyu ana nguvu. Alimwonea fahari kimoyomoyo. Mara nyingine alitaka kumwambia wabadilishane, akaogopa kuharibu kilichoandikwa.

Akainama, akakikumbatia, akajikaza kiuno kama anayeinua jiwe la kusagia.

Kilindo kikapanda juu kwa ghafla, hata akayumba hatua mbili nyuma na kofia ikamwanguka.

Kilikuwa chepesi. Kilikuwa chepesi pande zote mbili.

Akasimama nacho kifuani, mbegu zikichezacheza ndani. Akatazama nyumba, akatazama njia ya shambani, akatazama upande wa kaburi, ambako chuma cha msalaba kilikuwa bado kina matone. Mabega yake yakaanza kutikisika. Kutoka ndani Magreth hakuweza kujua kama analia au anacheka, na Alute mwenyewe hakujua.

Magreth akaja mlangoni, nguo mkononi.

"Baba? Unabeba nini hicho? Ni kizito?"

Alute akakishusha kilindo taratibu mpaka chini, kwa mikono miwili, kwa uangalifu mkubwa. Akaokota kofia yake. Akashika upande mmoja.

"Kizito," alisema. "Njoo ushike upande wa pili."

Naye akatoka.